Nyumba yetu ya wazee ilipewa daraja la mwisho. Tulianza kupanda siku tuliporuhusiwa kuandika "haikufanyika"

MlinziWaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kuna dada kwenye uzi wa ajira za ulezi Uingereza alisema nyumba anayofanyia kazi imekaguliwa, ripoti imetoka mbaya, na wafanyakazi wanatazamana tu, hawajui pa kuanzia. Nilimwahidi nitaandika kwa kirefu. Nimetimiza. Someni taratibu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa huku. Nilianza kama mhudumu wa usiku, nikawa kiongozi wa zamu, sasa ni naibu meneja. Nyumba ninayoisimulia siitaji jina wala mji. Ilikuwa na wazee 41, ghorofa mbili, wengi wao wana dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Kwa wasioujua mfumo: anayekagua ni Care Quality Commission, wenyewe tunaiita CQC, na kazi yake inaishia England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini kila moja ina chombo chake. CQC wanakuja na maswali 5. Je, mzee yuko salama? Huduma inamsaidia kweli? Wanaomhudumia wana utu? Mahitaji yake yeye binafsi yanasikilizwa? Uongozi umesimama? Madaraja ni 4: Bora Sana, Nzuri, Inahitaji Kuboreshwa, na la chini kabisa, Haitoshelezi. Ukianguka kabisa kwenye maswali 2 tu, nyumba nzima inabeba daraja la chini. Sisi tulianguka kwenye usalama na kwenye uongozi. Hapo unaingia uangalizi maalumu: kwa kawaida wanarudi ndani ya miezi 6, na wakikuta mambo ni yaleyale wanaanza safari ya kukufutia usajili.

Walikuja majira ya baridi ya 2022, bila taarifa, saa 12 kasoro robo alfajiri, nje giza totoro. Nilikuwa zamu. Mkaguzi alisaini kitabu cha wageni, akavua koti, akaenda moja kwa moja sebuleni. Akakuta wazee 11 wamekwishavalishwa na kuketishwa, wengine vichwa vimeangukia kifuani kwa usingizi. Akachuchumaa mbele ya bibi mmoja, akamuuliza kama alitaka kuamka saa ile. Bibi akasema, "Hapa hatuulizwi, mwanangu."

Akapanda juu. Akafungua folda ya mzee wa chumba cha 27, yule ambaye hawezi kujigeuza kitandani. Saa ya ukutani ilisema saa 12 na dakika 20. Karatasi ilisema kwamba saa 1 kamili mzee amegeuzwa upande wa kushoto, ngozi haina tatizo, sahihi za watu wawili. Moja ya sahihi hizo ilikuwa yangu.

Nimeliandika hilo kwa makusudi, kwa sababu uzi huu wote unalizunguka. Yapo mengine waliyoyakuta. Godoro la hewa la bibi wa kilo 43 lilikuwa limewekwa kwa mtu wa kilo 80 na zaidi, yaani gumu kama ubao, halafu tunashangaa kidonda cha kulalia hakifungi. Kopo la ule unga wa kuufanya uji na chai viwe vizito kwa wanaopaliwa lilikuwa wazi kwenye toroli la chai, mahali ambapo mtu mwenye dimensia angeweza kuula mkavu. Tahadhari kuhusu unga huo ilitolewa nchi nzima mwaka 2015 baada ya mzee kufariki kwa namna hiyohiyo. Faili za wafanyakazi zilikuwa na miaka isiyoelezwa mtu alikuwa wapi wala akifanya kazi gani. Yote haya ni makosa makubwa. Ila yalirekebishika ndani ya siku kumi, kwa sababu yalionekana. Lile la karatasi lilikuwa halionekani, na ndilo lililokuwa linawaumiza wazee kila usiku.

Naendelea chini.

MlinziWaUsiku

Ripoti ilipotoka, meneja aliondoka wiki ya tatu. Halmashauri ikasitisha kutuletea wazee wapya. Mwenye nyumba akaleta mshauri, na mshauri akaleta fomu. Fomu mpya 3 za usiku, juu ya zile za zamani, kwa watu walewale watatu. Mnaweza kukisia kilichotokea: tulizijaza zote, kwa mwandiko mzuri, saa 9 usiku, tumekaa.

Kisha akaja meneja mpya, mama mmoja aliyefanya kazi ya unesi zaidi ya miaka 30. Wiki yake ya kwanza hakuitisha kikao. Alivaa sare, akafanya zamu mbili za usiku kama mmoja wetu. Asubuhi ya pili, miguu imemvimba, alikaa jikoni na kalamu akaanza kutuuliza. Wangapi wanageuzwa na watu wawili? Tukahesabu: 14. Watano kila baada ya saa 2, tisa kila baada ya saa 4. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi, hao watano ni mara 4 kila mmoja, jumla 20. Hao tisa ni mara 2 kila mmoja, jumla 18. Mara 38. Kumgeuza mtu, kumbadilisha, kumtazama ngozi, kumpa maji, ni dakika 12 ukiharakisha. Akazidisha: dakika 456, yaani saa 7 na dakika 36 za watu wawili, ndani ya saa 9, bila kupumzika, bila kengele hata moja, bila mtu kuanguka. Wa tatu abaki peke yake na wazee wengine wote wa ghorofa mbili, afue nguo, apange meza, na awavalishe wale 11 kabla ya zamu ya mchana kuingia.

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Basi hizi karatasi haziwezi kuwa kweli." Hakuna aliyejibu.

Jioni ile alibandika barua yenye sahihi yake. Ilikuwa na mambo mawili. Mfanyakazi akishindwa kufanya jambo lililopangwa, aandike "haikufanyika", saa, na sababu, na kwa hilo hataadhibiwa. Mfanyakazi akiandika kitu ambacho hakijafanyika, ataitwa kwenye nidhamu siku hiyohiyo.

Usiku wa kwanza hakuna aliyethubutu. Usiku wa pili kijana mmoja wa Kighana aliandika moja. Tukangoja kuona atafanywa nini. Asubuhi meneja alimshukuru mbele yetu na kumuuliza ilikuwaje. Baada ya hapo zikaanza kumiminika. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na picha ambayo nyumba ile haikuwahi kuwa nayo: "haikufanyika" nyingi mno zilikuwa kati ya saa 10 na saa 1 alfajiri, ghorofa ya juu, na sababu ilikuwa ileile, "tulikuwa tunavalisha."

Hapo ndipo meneja alipokwenda kwa mwenye nyumba. Hakwenda na malalamiko, alikwenda na zile karatasi. Mwenye nyumba alikuwa na vyumba vitupu visivyoingiza pauni hata moja. Alikubali mtu wa nne, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi. Na kuvalisha watu usiku kukapigwa marufuku. Tulimuuliza kila mzee, au jamaa yake, anapenda kuamka saa ngapi. Mmoja alikuwa muoka mikate maisha yake yote. Huyo saa 10 alfajiri anataka chai, na anaipata. Wengi walitaka kulala hadi saa 2.

Waliporudi, mwezi wa tano, tulitoka uangalizi maalumu kwa Inahitaji Kuboreshwa. Nzuri tuliipata ukaguzi uliofuata, kiasi cha mwaka mmoja na nusu tangu asubuhi ile.

DadaWaKilifi

Kaka, asante sana, ni mimi niliyeuliza. Nimesoma hiyo ya chumba cha 27 nikalia, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sisi sote.

Nina mambo mawili. Kwanza, rasimu ya ripoti imefika juzi, na meneja ametupa folda za miezi 3 iliyopita tukae tujaze mapengo "ili tuijibu CQC". Pili, mimi niko kwa viza ya sponsa wa hapahapa, yaani nyumba hii ndiyo mwajiri aliyenidhamini. Nyumba ikifungwa nitakuwaje? Nina watoto wawili ninaowasomesha nyumbani.

MlinziWaUsiku

Dada yangu, la kwanza nalijibu bila kuzunguka: usijaze. Hata sahihi moja. Rasimu ikifika, nyumba inapewa siku 10 za kazi kusahihisha makosa ya ukweli, mathalani wameandika vyumba 30 na viko 33, au wamesema hakuna cheti na cheti kilikuwepo siku ile. Kinachopelekwa ni ushahidi uliokuwepo wakati wa ukaguzi. Karatasi zilizoandikwa leo kwa tarehe za zamani ni kughushi, na wakaguzi huondoka na picha za kurasa walizoziona.

Mwambie meneja kwa adabu, tena kwa maandishi, kwamba huwezi kuandika usichokumbuka kukifanya. Ukibanwa, wapigie CQC wenyewe, wanapokea taarifa za wafanyakazi kwa siri, na sheria ya mwaka 1998 inamlinda anayefichua kwa faida ya umma. Najua ni rahisi kwangu kusema. Lakini sahihi yako ndiyo itakayobaki pale, si ya aliyekuamuru.

Nyota_ya_Mvita

Naomba nimjibu dada kuhusu viza, mimi nimepitia. Daraja baya peke yake halifuti viza yako. Hatari ni pale usajili wa CQC unapofutwa, kwa sababu tangu tarehe 11 Machi 2024 sponsa wa wahudumu hapa England lazima awe amesajiliwa CQC. Sponsa akipoteza leseni, unapata barua ya Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, na kwa kawaida muda ni siku 60 za kutafuta sponsa mwingine. Mlango wa kuleta wahudumu wapya kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025, ila sisi tulioko ndani kubadilisha bado kunawezekana kwa masharti. Muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, mapema, kabla ya barua. Mimi nilingoja barua na nilipoteza wiki tatu kwa hofu tu.

Taratibu_Kwanza

Mkuu mleta uzi, nakuheshimu, lakini sehemu moja siungi mkono. Nimefanya kazi ya ubora kwenye nyumba kadhaa. Katika kanuni ambazo CQC wanazisimamia, ya 17, ile ya uongozi bora, ndiyo inayoangusha nyumba nyingi, na hiyo inataka nyaraka: ukaguzi wa ndani kila mwezi, uchambuzi wa walioanguka, mpango wa marekebisho wenye majina na tarehe. Mkaguzi hawezi kukaa siku 30 kuangalia kazi yenu. Tunafundishwa wote tangu siku ya kwanza: kama haijaandikwa, haikufanyika. Ukiwaambia watu kwamba karatasi si kitu, utawapoteza.

MlinziWaUsiku

Mkuu, sijasema karatasi si kitu. Karatasi ndiyo iliyotuokoa. Mpango wa marekebisho tulikuwa nao, na watu wa ubora wa halmashauri walikuwa wanaupitia kila wiki.

Ila huo msemo uliouandika ndio ninaotaka tuutazame kwa makini, kwa sababu na mimi nilifundishwa siku ya kwanza. "Kama haijaandikwa, haikufanyika." Mhudumu aliyechoka saa 10 alfajiri anausikia kinyume: ikiandikwa, imefanyika. Anajua pengo litamletea kesi, na sahihi haitamletea swali. Basi anaweka sahihi. Na ukaguzi wako wa ndani wa kila mwezi, mkuu, ulikuwa unahesabu nini? Wetu ulikuwa unahesabu mapengo. Mwezi kabla ya CQC kuja, chati za kugeuza zilipata asilimia 100. Mzee wa chumba cha 27 alikuwa na kidonda kwenye kisigino kilichofika kwenye nyama.

Tuligeuza ukaguzi wa ndani. Badala ya kuhesabu visanduku vilivyojazwa, naibu anaingia vyumba 3 bila kupanga, saa yoyote, anaanzia kwa mzee. Amelalia upande gani? Midomo imekauka? Kengele anaifikia? Godoro limewekwa kilo ngapi, na mzani wa wiki hii unasema ngapi? Ndipo anafungua folda aone kama inasema alichokiona. Inachukua dakika 20. Tulipoanza, vyumba 3 vilitupa kazi ya wiki nzima.

Taratibu_Kwanza

Hapo nimekuelewa. Sisi tunaanzia kwenye folda, halafu kama muda upo tunaingia chumbani. Kesho nitajaribu kuanzia kitandani.

NesiTanga

Niongeze kuhusu dawa, kwa sababu huko ndiko ninakokuta ugonjwa uleule. Nyumba moja niliyoitwa kusaidia, duru ya dawa za asubuhi ilianza saa 2 na kumalizika saa 4 na nusu, kwa nesi mmoja. Lakini chati zote zilionyesha saa 2 kamili, kwa kuwa saa hiyo imechapwa tayari na wewe unaweka herufi zako tu. Kulikuwa na mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson mwisho wa ukumbi. Dawa yake ikichelewa nusu saa anaanza kukakamaa, ikichelewa zaidi hawezi kumeza hata chai. Wahudumu waliandika "amekataa kula asubuhi" siku baada ya siku. Hakukataa. Mwili ulikuwa umefunga.

Tulimtoa kwenye duru, tukampa saa zake mwenyewe na kengele ya simu mfukoni mwa nesi, na kila dawa ya saa maalumu ikaandikwa saa halisi iliyotolewa. Wiki ya kwanza zile saa zilikuwa za aibu. Wiki ya tatu mzee alikuwa anashika kijiko mwenyewe.

Na zile dawa za "akihitaji", wapendwa. Andikeni alihitaji kwa sababu gani, mlijuaje kama hawezi kusema, na baada ya saa moja ilimsaidia au la. Bila hivyo mtu anapewa ya kumtuliza kila jioni na hakuna anayejua kwamba ni jino linalomuuma.

Mwanakwerekwe

Nasoma nikiwa Unguja. Huku tuna Sebleni na Welezo, nyumba za wazee za serikali, na nimewahi kwenda kutoa sadaka. Swali langu ni la dhati: je, jamaa za hao wazee wako wapi wakati haya yanatokea? Hawaoni?

MamaWawili_Leicester

Ndugu Mwanakwerekwe, nikujibu mimi, kwa sababu mama mkwe wangu yuko kwenye nyumba iliyopata Haitoshelezi. Tunakwenda Jumatano na Jumapili, saa 9 alasiri. Saa 9 alasiri kila kitu kinang'aa. Alfajiri hatupo. Mama mwenyewe dimensia imemchukulia maneno, anakushika mkono tu.

Tulijua kwa kuona karatasi ya daraja mlangoni. Sheria inawataka waibandike ndani ya siku 21 tangu ripoti itangazwe, nao waliibandika, lakini kupiga simu hawakupiga. Mume wangu alisimama pale mlangoni akashindwa kuingia. Mleta uzi, nyinyi mlifanyaje kwa jamaa? Na sisi tunaweza kusaidia nini zaidi ya kukasirika?

MlinziWaUsiku

Shemeji, pole sana.

Meneja wetu mpya alipokuja aliwapigia jamaa wote, siku mbili nzima, mlango wa ofisi umefungwa. Wengine walimtukana, akasikiliza. Wale ambao wazee wao walidhurika, kama mzee wa chumba cha 27, aliwaita ana kwa ana, akasema nini kilitokea na akaomba radhi. Hilo la kusema ukweli pale mtu anapodhurika ni wajibu wa kisheria, kanuni ya 20. Binti wa mzee yule aliniuliza mimi kama ile sahihi ni yangu. Nikamwambia ndiyo. Sitaki kuandika zaidi kuhusu mazungumzo yale.

Mnachoweza kufanya: nendeni saa ambayo si ya kawaida yenu. Tangu Aprili 2024 kuna kanuni, 9A, inayolinda haki ya mzee kutembelewa, na kukuzuia lazima kuwe na sababu ya kipekee. Nendeni saa 1 asubuhi, au saa 3 usiku, kwa upole, mkiwaarifu. Halafu waandikieni mambo ambayo mama hawezi tena kuyasema: analala upande gani, chai anapenda na sukari ngapi, anaogopa nini gizani. Binti wa muoka mikate ndiye aliyetuambia kuhusu ile saa 10 alfajiri. Sisi tulikuwa tunaandika "hana utulivu usiku" na tulikuwa karibu kumuombea dawa.

DadaWaKilifi

Wapendwa, ni wiki nne sasa, naleta mrejesho.

Sikujaza zile folda. Mikono ilitetemeka lakini nilimwandikia meneja kama kaka alivyosema. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne mkurugenzi wa kampuni akaja, akamuuliza nani ametia sahihi folda za Novemba, na sikujua kilichofuata ila meneja yuko likizo na tuna wa muda.

Nilimwonyesha huyu wa muda hesabu ya mleta uzi, ile ya dakika 456. Akasema tufanye ya kwetu. Jana usiku tuliandika "haikufanyika" kwa mara ya kwanza. Mara 6 kwa usiku mmoja. Nne kati ya hizo ni za bibi mmoja, ghorofa ya pili, wa kugeuzwa kila saa 2. Asubuhi wa muda alikuja chumbani kwa bibi kabla hata ya kunywa chai, akamfunua visigino akavitazama mwenyewe.

Wakaguzi bado hawajarudi, na bado nalala na simu mkononi kwa hofu ya barua. Lakini bibi leo amewekewa mto chini ya miguu na godoro limesetiwa upya, kilo 51.

MlinziWaUsiku

Alhamdulillah, dada. Niandikie saa za zile nne, na kila moja ilikosekana kwa sababu gani. Na kwenye hesabu yenu ongezeni muda wa kupanda na kushuka ngazi kati ya ghorofa, na wa mashine ya kunyanyulia wazee. Sisi tuliusahau, na kwa usiku mmoja ulikuwa karibu dakika 40.